Paa Lililojengwa Chini

Wewe ni mtu wangu, kwa hivyo nitakuambia vile ilikuwa. Binti yangu na watoto wengine wa kanisa walikuwa wabatizwe Jumapili kwenye bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yetu, hapa Shieywe. Nyufa za bwawa nilikuwa nimeziziba na simiti kwa mkono, vile mama alinifundisha kukandika ukuta. Kilichobaki ni paa la kibanda cha kubadilishia nguo. Nikaweka ngazi, nikaanza kupanda.

"Shuka, mwanangu," mama mkwe akasema. "Mwanamke hapandangi juu ya nyumba."

"Fundi haji, mama. Sasa watoto wavulie nguo mbele ya pasta?"

"Sijasema usijenge. Nimesema usipande."

Nikaomba kimoyomoyo, halafu nikashuka. Nikapigilia mbao na mabati pale chini kwenye nyasi mpaka paa likaisha. Jumamosi akina mama wa kanisa wakaja, tukaliinua pamoja, tukaliweka juu ya nguzo na kulifunga kutoka ndani.

Mama mkwe akacheka. "Mmekivalisha kofia kama mtoto."

Jumapili binti yangu alitoka majini, akaingia kibandani kubadilisha nguo, na mlango ukafungwa. Ukijua mama ambaye paa lake limekwama kwa sababu ya ngazi, tafadhali mpelekee haya.