Mwenyekiti Apanda Mlima wa Taita

Mimi Godana nilichaguliwa mwenyekiti wa kikundi cha utamaduni hapa Garsen kwa sababu moja tu: nina sauti kubwa. Mwaka jana wenzetu wa Taita walitualika tukaone mapango walimohifadhi mafuvu ya wazee wao. Niliwaambia wanachama wasiwe na wasiwasi, kwani mtu aliyeswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Garsen hadi Hola hashindwi na kilima. Nikavaa viatu vipya vya ngozi, maana mwenyekiti lazima apendeze.

Mwenyeji wetu alikuwa mama wa miaka sabini hivi, jina lake Mkawasi. Alitangulia huku akizungumza kana kwamba yuko sebuleni kwake. Mimi, hata nusu ya njia hatujafika, nilikuwa nashikilia migomba ya watu nisianguke. Akanipokea mkoba. Mbele kidogo akanipokea koti. Mwishowe nikavua viatu, navyo akavibeba.

Pangoni aliwataja wazee wa ukoo wake mmoja mmoja, bila karatasi. Akanigeukia, akaniuliza wa kwetu wanakumbukwa wapi. Nikamjibu kwa ile sauti yangu kwamba kwetu ni tambarare tupu, hakuna milima wala mapango.

"Baba, sikuulizia milima," alisema. "Nimeulizia wazee."

Nilimpokea viatu vyangu, nikaanza kushuka.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi yangu Sabdio, dada mkubwa wa marehemu baba, nikamuuliza sisi tuna nini cha kale. Alinitazama weee. Kisha akanieleza kwamba kisima kilicho nyuma ya boma letu kilichimbwa na babu wa babu yangu na ndugu zake sita, mwaka wa ukame mkali, kwa vijiti na mikono, na kwamba mmoja wao alifukiwa humo humo. Hicho ndicho kisima ninachonyweshea ng'ombe tangu utotoni. Pembeni yake ndipo nilipokuwa nikioshea pikipiki.

"Hukuwahi kuuliza," alisema shangazi. "Ulikuwa unaongea tu."

Tulikizungushia ua wa miiba, pikipiki ikahamishwa. Siku hizi wanafunzi huja, nami huwatajia majina ya wale ndugu saba. Mara nyingi nikifika wa tano nakwama. Shangazi, akiwa ameketi kwenye kigoda chake, humalizia wawili waliobaki, na kuanzia hapo maswali yote huelekezwa kwake.