Maua ya Harusi na Ndizi za Kuvumbikwa

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja kule Minjila, asubuhi ya harusi yangu mwenyewe, niliposikia ukelele kutoka stoo nikadhani mtu amekufa. Nikatoka mbio, kanga mkononi. Kumbe yaliyokufa ni maua.

Yalikuja jana yake kwa basi la Nairobi, boksi zima, zawadi ya ndugu wa mume wangu: meupe na ya rangi ya waridi, mengi bado vitumba. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kushika maua ya kununua. Aliyeyapokea ni mama yangu wa kambo, niliyemwita Mama tu, maana alinilea tangu sijajua kusema. Maji yetu ya mto ni tope, basi akayaacha yatulie mtungini, akachota ya juu yaliyo safi. Alikata kila kikonyo mshazari kwa kisu kikali, akatoa majani ya chini yasije yakaozea majini, akapanga marefu katikati ya ndoo na mafupi pembeni. Kisha akayapeleka stoo, chumba chenye baridi kuliko vyote. Mimi nikamwomba machache, akanipangia kwenye glasi kando ya kitanda changu.

Sasa asubuhi hiyo, we! Yamejikunja yote, vichwa chini, mengine yamepukutika sakafuni. Shangazi yake mume wangu, aliyefika na wenzake kunichukua, alikuwa ameshika kichwa, anapiga kelele: "Huyu mama ana mkono mbaya! Ameanza na maua, kesho ni tumbo la bibi harusi!" Akaapa kwamba Mama akionekana kanisani, wao wanarudi Hola na bwana harusi wao.

Mama aligeuka, akatoka. Baba alikaa kimya, anatazama miguu yake. Ukimya ule wa baba ulinishtua kuliko maneno ya shangazi.

Nilirudi chumbani nilie peke yangu, na hapo nikaduwaa tena. Maua ya kwenye glasi yalikuwa yamechanua, mazima kabisa! Kisu kilekile, maji yaleyale, mkono uleule. Nikarudi stoo, na safari hii nikaisikia harufu. Nyuma ya ndoo, chini ya magunia, kulikuwa na mikungu ya ndizi aliyoivumbika baba, imeiva yote. Wewe ni mtoto wa mkulima, unajua kwamba ukitaka ndizi mbichi iive upesi, unaifunika pamoja na iliyoiva. Basi kile kinachoiharakisha ndizi kiliyaharakisha na maua, yakazeeka usiku mmoja.

"Baba, ni ndizi zako!" nilipiga kelele. "Mama yuko wapi?"

Nilimkuta barabarani na mkoba wake, anangoja gari la Tarasaa aende kwa kaka yake.

"Rudi nyumbani, mwanangu," alisema bila kunitazama. "Afadhali niende mimi, harusi yako isiharibike."

"Mama, mimi sina mama mwingine. Usiporudi, siolewi."

Alilia palepale barabarani, kisha akarudi. Kanisani nilishika maua ya glasi, na Mama akakaa kiti cha mbele. Shangazi alikuwa keshaonyeshwa zile ndizi, akaomba msamaha mbele ya watu wote. Lakini nilipojifungua, Mama alisimama mlangoni, akauliza kwa sauti ndogo kama anaruhusiwa kumshika mtoto. Mama aliyenilea! Nilishtuka, nikalia, na swali lile bado linaniuma.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiletewa maua, kata vikonyo, badilisha maji kila siku, na uyaweke mbali na matunda yanayoiva. Yakifa ghafla, kagua chumba kwanza, usikimbilie kumtaja mtu. Na mtu wako akisingiziwa, fungua mdomo saa ileile. Mungu akupe nyumba yenye amani, na asiwepo mtu atakayeogopa kumbeba mtoto wako.