Matabisi ya Makala

Mwaka ule tulibaki watatu katika kiwanda cha masufuria: patron mwenye kiwanda, fundi wa tanuru, na mimi mnunuzi wa mahitaji. Umeme ulikuja kama mgeni asiyetaka hata kukaa. Nyumbani nilikuwa peke yangu. Bibi yangu wa ndoa alikuwa amepanda Butembo, kwetu Kivu, na watoto kuzika mama yake, na vita ikafunga njia nyuma yao. Nilisonga bukari, ugali wetu, ya watu wawili, maana ya mtu mmoja sikujua kuisonga.

Mteja wetu mkubwa wa mwisho, kampuni ya kigeni iliyopikia wafanyakazi wake, akatuma sharti: tuonyeshe moshi wa kila sufuria tangu muti wa makaa unapokatwa, kisha tuupunguze. La sivyo, atanunua kwingine, nasi tufunge.

Nikachukua mizani, nikapanda kamio, lori la kukodi, hadi kwa mama aliyetuuzia makala, makaa ya tanuru letu, njia ya Lukafu. Kila juma tuligombana vizuri juu ya bei. Tukishapatana, yeye hurundika makala mengine juu ya mdomo wa gunia, akayafunga kwa majani. Ndiyo matabisi, nyongeza isiyolipiwa. Siku ile nikatundika gunia pamoja na rundo lake.

“Papa, pima gunia. Ile ya juu haiko yako ya kupima. Ile ni roho yangu.”

“Mama, moshi haijue roho. Inatoka tu.”

“Kwenu Kivu, mutoto akizaliwa munamutia kwanza ku mizani?”

“Ndiyo, mama. Mara mbili.”

Dereva akacheka mpaka akashika mlango. Mama naye akacheka, lakini mikono yake ilikuwa inafungua majani. Akamwaga rundo chini. “Matabisi habaipimaka. Umeipima, basi imeisha.”

Bila rundo, magunia yale yakaisha tanuruni kabla ya juma kwisha, na kamio ikarudi Lukafu kuchoma mazutu, mafuta yake, tena. Hapo nikaelewa: miaka yote tulikuwa tunayeyusha aluminiamu kwa zawadi, na hakuna aliyeihesabu. Nikaandika yote katika hesabu ya mteja, rundo na safari.

“Unatuua na hesabu yako,” patron akasema.

“Patron, watu wa kampuni wakija kupima wenyewe watatuua mara mbili.”

Mteja akashtuka. Nikaomba muda, nikabembeleza kama sokoni, akatoa miezi michache. Huku Kasapa, karibu na kiwanda, nikapata watu wanaokandamiza takataka za mbao kuwa vipande vya kuchoma. Vinawaka vizuri, na mkokoteni unavifikisha. Moshi ukashuka, mteja akabaki, sisi watatu tukabaki. Tatizo la Kasapa ni moja: bei imebandikwa ukutani. Nilijaribu kuishusha, muuzaji akanionyesha ukuta, akaendelea na simu yake.

Nikampigia mama wa makala.

“Kwa hiyo haukuye tena huku?”

“Sikuye, mama. Kiwanda kimeacha makala.”

“Nilishasikia kwa dereva. Nilitaka useme wewe.” Kisha akauliza: “Na bibi, alisharudia?”

“Bado. Njia bado imefungwa.”

“Sasa unaongeaka na nani?”

Nikamwambia mtandao ni mubaya, simusikie.