Ukungu Kwenye Kauri ya Wifi

Fundi cherehani wa mlango wa pili alinipa habari pini zikiwa mdomoni. "Pole, mama mchanga. Nasikia poda ya mwanao imemponza wifi yako kazini."

Nilikuwa nimempakata mwanangu. Nikamvuta kifuani.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, tunaishi naye nyumba moja. Mwaka wa kumi na moja huu anatengeneza kauri. Si ya vikombe. Hii ni angavu kama maji. Unga mweupe wa oksidi husagwa, ukakandamizwa kuwa kisahani kidogo. Kisahani huchomwa kwenye tanuri lililonyonywa hewa yote, kisha kikasuguliwa mpaka ukikiweka juu ya gazeti unasoma habari kama vile hakuna kitu. Huwekwa ndani ya mashine za leza, zile za kukatia vyuma, na mwanga hupata nguvu humo. Kikiwa na ukungu, mwanga hutawanyika na leza haifanyi kazi.

Kabla sijajifungua aliniambia, "Wifi, poda nyumba hii marufuku. Chembe moja ikinifuata kazini, nimeumbuka." Mwanangu hajapakwa poda hata siku moja. Mafuta tu.

Jioni wifi aliingia bila salamu. Akavua viatu, kimoja kikagonga ukuta.

"Mkuu wa karakana kanipa mpaka kesho nijitetee, la sivyo nimefukuzwa. Eti nabeba mtoto asubuhi, napeleka poda kwenye unga!"

"Hukumwambia hatuna poda?"

"Kasema kila mtoto ana poda. Hajawahi hata kufua nepi, anawajua watoto kuliko wewe!"

Akatoa kisahani kilichokataliwa, akakibwaga juu ya gazeti. Maandishi yakazama kama kwenye maziwa.

"Unaona doa?"

"Sioni. Kimefifia chote."

"Basi! Uchafu huweka doa, mahali pamoja. Ukungu wa kila mahali ni vitundu vya hewa ambavyo havijaziba, kwa sababu tanuri limezimwa mapema. Mimi nilitaka saa ishirini. Mkuu alikuwa na wageni wa kuwaringia, akalizima baada ya saa kumi na mbili tu, kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwambia, 'Mkuu, kauri haijui wageni.' Akacheka. Leo anajificha nyuma ya mtoto wa miezi mitatu!"

Damu ikanichemka. Mimi si mtu wa maneno, wakubwa huwa nawapisha njia. Lakini kumsingizia kiumbe ambaye hata shingo yake haijakaza? Mtu mzima, ana ofisi, ana kiti cha kuzunguka!

"Hana haya," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua.

Wifi akanigeukia.

"Kesho saa mbili njoo naye. Usimwogeshe kwanza, asije akasema tumeiosha poda. Pita moja kwa moja hadi kwenye meza ya mkuu, mpe mtoto mikononi, mwambie mbele ya wote amnuse shingoni kama kuna poda. Utanifanyia hivyo, wifi?"