Hasikii, au hamjui anaitwa nani?

Jamani, leo nimeambiwa mwanangu ni kiziwi, apelekwe shule ya bweni mbali na mimi.

Nimeitwa shuleni hapa Kagongwa. Nikajua tunakaa pamoja kupanga namna ya kumsaidia, maana ana miaka mitano na maneno yake bado machache. Kumbe wameshapanga bila mimi!

Mwalimu wake anasema, "Mama, tunamwita kutwa nzima, hata hageuki."

"Mnamwitaje?"

"Emanueli."

Mungu wangu! Hilo ni la ubatizo. Nililiandikisha nikidhani shule wanataka jina la kanisani. Nyumbani yeye kafuata mapacha wangu, Kulwa na Doto, kwa hiyo kila mtu anamwita Shija, kama sisi Wasukuma tunavyomwita anayefuata mapacha.

Mtoto alikuwa mlangoni mwa ofisi anachezea kandambili. Nikaita, "Shija!"

Kageuka, anacheka, kanikimbilia.

Nikafurahi mapema.

Mwalimu mkuu akasema ngoja na yeye ajaribu. Akaita "SHIJA!" kwa ile sauti ya mstarini. Mtoto kajificha kwenye kitenge changu.

"Umeona, mama? Hajageuka."

"Samahani mwalimu, lakini aliyejificha si amesikia?"

Halafu wakasema mpango uko palepale, nilete jibu Jumatatu.

Mliowahi kukataa, mlisemaje mpaka mkasikilizwa? Niandikieni vilevile mlivyosema, nikayaseme hivyohivyo. Mimi maneno yameniishia mle ofisini.