Lundo la Bibi Notburga

Kila Januari wageni huja hapa kijijini kwetu Hinterjoch, milimani, na makamera yao, wakauliza ni mhandisi gani aliyebuni mruko wa mwisho wa Geiersturz, mteremko wetu wa mbio za skii unaojulikana dunia nzima. Mhandisi! Mruko ule ni samadi. Ni lundo la samadi ya ng'ombe lililofunikwa theluji, liko uani kwa Bibi Notburga, na mimi Lois, ninayetangaza mbio hizi kwa kipaza sauti tangu nikiwa na nywele, nimechoka kulieleza.

Zamani zilikuwa mbio za vijana wa kijiji tu, kutoka kikanisa cha juu hadi baa ya chini, na njia iliyonyooka ilipita uani kwa baba mkwe wake Notburga. Wakamwomba mzee asogeze lundo. Mzee akasema, "Lundo ndiyo heshima ya nyumba. Anayetaka kupita, aruke." Wakaruka. Wawili wakavunjika miguu, mbio zikapata sifa, na baada ya muda wakubwa wa mchezo wakaja na kamba ya kupimia: lundo lisipungue kimo cha mtu na nusu, la sivyo mbio zitahamia kijiji kingine.

Notburga alipoolewa pale alikuta ng'ombe mmoja tu, tena mkondefu, na lundo limeshuka. Siku ya kwanza tu jirani yao Veit, kapera mwenye mdomo, akachungulia juu ya ua: "Bi harusi, lundo lako hata kuku analiruka!"

Lo! Tangu siku hiyo hakumsalimia. Aliamka, akakamua, akazoa, akarundika, na ng'ombe wakaongezeka hadi zizi likajaa. Mume akafa, watoto wakateremkia mjini, magoti yakachakaa, akabaki yeye na koleo lake. Binti yake akimwita akakae naye, jibu lilikuwa moja: "Huko mjini nitakuwa nani?" Siku ya mbio nikinguruma, "Sasa lundo la Notburga!" yeye husimama dirishani na kofia yake ya sikukuu. Hakuwa na kingine cha kujivunia duniani, na asikudanganye mtu.

Uzeeni ng'ombe wakapungua hadi watatu, lundo likabaki vilevile. Sisi tukasema ng'ombe wale wamebarikiwa. Padri Kassian akaenda kuwanyunyizia maji ya baraka, na mmoja akampiga teke.

Halafu mwaka jana, alfajiri, siku chache kabla ya mbio, Notburga akamfumania Veit uani kwake na sleji yake ya kuburuta mizigo thelujini imejaa samadi. Makelele yake yaliniamsha ng'ambo ya barabara, nikatoka na ndara.

"Mwizi wewe!"

"Mwizi huchukua, Burgl. Mimi naleta," Veit akajibu, akilifupisha jina la Notburga."

"Mavi ya ng'ombe wako juu ya lundo langu? Una wazimu?"

"Ng'ombe watatu hawajengi mlima, mama. Miaka yote hii hukujiuliza?"

"Miaka ipi?"

"Tangu mumeo afe."

Notburga akaketi palepale kwenye theluji. Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia.

"Kumbe dirishani nasimama kujisifia mavi ya watu," akasema.

Veit akajikuna chini ya kofia. "Nusu kwa nusu," akamwambia.

Siku ya mbio Notburga akaja kibandani ninamotangazia, kichwa wazi, bila ile kofia ya sikukuu. "Lois, leo taja na jina la Veit. Mimi sili sifa ya mwenzangu."

"Bibi, fikiri kwanza."

"Nimesema taja!"

Haya. Mshindani mmoja, Mswisi, alipokaribia lundo nikanguruma, "Na sasa, Notburga na Veit!"

Jamani, kwetu jina la mwanamke na la mwanamume yakitangazwa pamoja, anayeyatangaza ni padri tu, tena kanisani Jumapili, kwa kuwa wawili hao wanafunga ndoa. Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Bendi, iliyokuwa ikimngoja mshindi, ikapiga muziki wa harusi. Mswisi wa watu, aliyekuwa bado hewani, akageuza shingo kutazama kulikoni, akatua kwa makalio. Padri Kassian akaja mbio na mikono wazi.

"Notburga, binti yangu, ni kweli?"

Nikamwona anafungua kinywa akanushe. Kisha akamtazama Veit. Amesimama kando ya lundo na koleo lake, mwekundu hadi masikioni, wala hakanushi.

"Muulize yeye, Padri," Notburga akasema. "Miaka yote hii ananiletea posa kwa sleji, mimi nikadhani ni ng'ombe wangu."