Finjani Iliyoachwa Ipoe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikisikia harufu ya kahawa yenye hiliki hunirudia nzima, na jasho lake. Nilikuwa kijana, ndevu nyeusi tii, na mbele yangu, katika majlisi, chumba cha wageni cha klabu yetu pale Sib nje ya Maskati, alikaa mtu aliyekuja kunitaka mchezaji wangu bora. Mbele yake ilikuwepo finjani ya kahawa. Hakuigusa. Na mimi nikaiacha ipoe.

Khabari nzima ndiyo hiyo, ukiwa na haraka zako. Lakini ukikaa kidogo ntakueleza jinsi finjani moja ya kahawa inavyoweza kumpotezea mtu njia yake.

Aliyenikumbusha ni mjukuu wangu Haitham. Huyu kasoma Amerika, na huko akapenda besiboli, mchezo wao wa kupiga mpira mdogo kwa gongo. Sidhani kama anaupenda mchezo wenyewe. Anachopenda ni biashara yake. Hunieleza namna wakubwa wa timu wanavyobadilishana wachezaji kwa simu, nyota mmoja kwa vijana watatu wasiojulikana, na kila mmoja anamficha mwenzake anachokitaka. "Babu," huniambia, "mudiri mzuri haonyeshi njaa yake. Na mchezaji haulizwi. Mara nyengine anasikia kwenye televisheni kwamba kesho yeye si wa hapa." Husema hayo huku anacheka, kama mtu anayesifu kazi ya sonara.

Sasa Haitham mwenyewe ni mudiri wa klabu ya mpira hapa mjini, mwenye kauli ya mwisho juu ya nani aje na nani aende. Juzi, siku ya mwisho ya usajili, alikuja kula kwangu mchana, na simu haimtoki mkononi. Klabu nyengine ilikuwa inamtaka mshambuliaji wake. Nikamsikia anamwambia mudiri mwenzake, "Amua, ndugu yangu. Na timu moja ya Doha inamtaka vilevile." Akakata.

Nikamuuliza, "Doha wanamtaka kweli?"

Akanikonyeza. "Babu, wewe kula wali."

Nikalirudisha tonge sahanini. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Yangu mimi yamekuja na jina lake na simu mbili mkononi.

Nikamwambia aziweke chini zote mbili, nikamweleza haya ninayokuandikia wewe.

Mimi nilizaliwa Unguja, nikasoma sekondari huko, kisha wazee wangu wakanileta Maskati nchi ilipokuwa inawarudisha watu wake. Nikapata ukarani serikalini, na jioni nikawa mudiri wa klabu. Nilijiona mjanja sana. Kiarabu changu kilikuwa bado kizito, lakini hesabu ya kubadilishana wachezaji niliijua, na kwenye hesabu hiyo mtu kwangu alikuwa kete.

Kete yangu kubwa iliitwa Khalfan. Mamake, Bi Zuwena, alikuwa jirani yetu tangu Unguja, na kijana akiniita Ami ingawa hatuna damu. Alikuwa na mguu wa kushoto, mwanangu, ambao mabeki wakiuona unakuja hutazamana, kila mmoja akimwachia mwenzake. Walimu wa timu ya taifa walikuwa wameanza kuja kumtazama. Hawakai mbele; husimama nyuma ya goli, mikono mfukoni, wakaondoka bila ya kuaga. Khalfan alijua. Mtaa mzima ulijua.

Wakati ule kwetu mchezaji alitia sahihi upya kila msimu. Asiyetia sahihi kabla ofisi ya usajili haijafungwa alikaa nje mpaka msimu mwengine, na timu ya taifa haichukui mtu anayekaa nje. Na kwa heshima ya siku zile, kijana hatii sahihi mpaka mudiri wake amwambie wapi. Khalfan alikuwa ananingojea mimi. Nami nilimngojesha mpaka asubuhi ya siku ya mwisho, kwani pupa ilikuwa imenishika: klabu moja ya Matrah ilimtaka, na kadiri muda unavyokwisha ndivyo bei inavyopanda.

Asubuhi hiyo mudiri wao, Hamdan, akaja mwenyewe. Mtu mzima, mpole, akisema neno moja akipumzika. Tukamkaribisha mimi na Mzee Nassor, ndugu wa babangu, aliyekuwa mkubwa wa klabu. Kwetu kahawa hawamimini watumishi, humimina vijana wa timu kwa zamu. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Khalfan.

Ningeweza kumwambia aende zake. Sikumwambia. Nilitaka Hamdan amwone, kifua na miguu, kama mvuvi anavyolaza nguru mkubwa juu ya meza ili mnunuzi asitazame pengine.

Khalfan akammiminia kwa dele, lile birika la kahawa. Hamdan akaipokea finjani, akaiweka chini juu ya mkeka.

Hapa lazima nikueleze, maana vijana wa sasa mnakunywa kahawa kwenye vikombe vya karatasi. Kwa watu wa nchi hii, mgeni mwenye haja kubwa hanywi. Huiweka finjani mbele yake. Mwenyeji humuuliza ana haja gani. Akikubali humwambia, "Kunywa kahawa yako," na jambo limekwisha. Akikataa, hukataa kwa maneno mazuri, na mgeni huondoka na heshima yake. Lakini haiachwi ikapoa. Kuiacha ipoe ni kumtundika mtu.

Khalfan, aliyekulia hapa, aliitazama finjani ile, kisha akanitazama mimi. Akaelewa kuna kinachoombwa. Hajaelewa bado ni nini.

"Nakupa kipa wangu," alisema Hamdan, "na beki wangu wa kati."

"Na yule winga mdogo," nikasema.

"Winga yule ni jicho langu."

"Unataka moyo wangu, nawe unashindwa kutoa jicho?"

Hamdan akacheka kidogo. "Moyo wako umesimama hapo umeshika dele. Muulize basi kama anataka kutoka."

Ule ulikuwa mlango, mwanangu. Adui yangu alinifungulia mlango wa heshima, nami nikaupita bila ya kuingia. Nikajibu bila hata ya kugeuza shingo, "Huyu atakwenda ntakapomwambia."

Mzee Nassor akaninong'oneza kwa Kiswahili, ambacho Hamdan hakukijua. "Kahawa inapoa. Mwambie anywe au mwambie basi."

"Mzee, niachie mimi."

"Nakuachia wewe. Na yule je?" Akamwonyesha Khalfan kwa kidevu.

Nikamgeukia mgeni. Niliona Hamdan anatazama saa ya ukutani, nikajua ni wakati wa kukaza kamba. Nikamwambia kwa sauti ya mtu asiye na shida, "Si lazima iwe wewe. Suhar wanamtaka. Wamesema akifika leo, leo hii wanamsajili, na nyumba watampa yeye na mamake."

Hapakuwa na mtu wa Suhar. Sikuwahi hata kuzungumza na mtu wa Suhar. Nililitunga pale pale, na ile nyumba niliiongeza kwa utamu tu, kama mtu anavyonyunyiza lozi juu ya halua.

Nikasikia mdomo wa dele unagonga finjani. Ulimi hauna mfupa, lakini neno likishatoka lina miguu, na wewe hulichagulii la kuingia sikio gani. Uongo niliomtegea Hamdan, Hamdan hakuuamini hata kidogo, nilimwona usoni. Aliyeuamini alikuwa nyuma yangu.

Khalfan akaliweka dele chini. Mmimina kahawa haweki dele chini wageni wangali na finjani. Hilo hata mtoto analijua. Akaliweka taratibu, akafuta mkono kwenye kanzu yake, akatoka.

Hamdan akasimama. "Nimekuja kutaka mtu," alisema, "na mwenye mtu keshaondoka." Akaitazama finjani. "Na kahawa yako imepoa, Bwana Said."

Unadhani nilimfuata Khalfan? Nilikaa karibu ya simu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba Hamdan atafika Matrah, atajuta, atapiga, na winga atanipa. Nikaagiza chai. Mzee Nassor alikuwa anahesabu tasbihi yake, nami ule mlio wa punje ulinikera kuliko maneno. Simu ikalia. Nikaidaka.

Alikuwa Bi Zuwena.

"Said, mwanangu kapanda gari anakwenda Suhar. Kanibusu mkono, kaniambia, Mama, kuna watu wananitaka, na nyumba watatupa. Mbona mambo ya kheri kama haya hukutwambia?"

Nikaiweka simu chini. Nikachukua ufunguo wa gari.

Njia ya Batina, ile ya pwani ya kwendea Suhar, ni ndefu hata leo kwa magari yenu haya. Jua lilikuwa limesimama utosini, nami nakanyaga mafuta na kuitazama saa. Kila gari la abiria nililolipita nilichungulia ndani. Nilipopita Barka nilijiambia bado, naweza kumgeuza, naweza kumrudisha akatia sahihi kwetu, basi, bila ya kipa wala beki. Nilipofika Saham nilikuwa sijiambii kitu. Ofisi ya usajili ilifungwa nami niko barabarani. Hakuna kengele iliyolia. Niliona tu mshale wa saa umepita pahala pake, na gari linaendelea kwenda.

Nilimkuta mbele ya geti la klabu ya Suhar, kakaa juu ya begi lake kwenye kijivuli chembamba cha ukuta. Viatu vya mpira amevifunga kwa kamba zake, amevitundika shingoni. Aliponiona alisimama, kwa adabu, kama kawaida yake.

"Ami, wanasema hawanijui."

"Khalfan..."

"Mlinzi kaniuliza, nani kakuita? Nikamwambia, nimeitwa. Akasema, na nani? Sikuwa na jina, Ami." Akangoja kidogo. "Nipe jina tu. Nikimtajia jina atanifungulia."

Nimeulizwa masuala mengi katika umri wangu. Sijaulizwa jengine zito kama lile. Nikamwambia, "Hakuna jina, baba. Nilimwambia Hamdan vile ili anipe winga."

Hakunitukana. Akavua viatu shingoni, akavitia ndani ya begi, akafunga zipu. Tukapanda gari, tukarudi Sib.

Msimu ule alikaa nje. Timu ya taifa ikamchagua mwengine, na aliyechaguliwa akacheza vizuri, na pengo likazibika. Mwaka wa pili Khalfan alirudi uwanjani, lakini akipokea mpira anatazama pembeni kwanza, kama mtu anayeuliza leo nani anamnadi. Mguu ulikuwa ule ule. Kilichotoka hakikuwa mguuni. Mwishowe akaacha, akapata kazi bandarini Matrah, akaoa.

Nilikaa na jambo hili miaka mingi, nikimsalimia msikitini na yeye akiniitikia vizuri kuliko ninavyostahiki. Mpaka jioni moja nikaenda kwake. Akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Nikaipokea, nikaiweka chini.

Akaitazama finjani. Alijua nimekuja kuomba nini. Hakuniuliza. Nje watoto wake walikuwa wanagombania baiskeli, mmoja analia. Mvuke wa kahawa ukapungua, ukakatika. Nikajua ananionjesha, na ilikuwa haki yake, nami sikujitingisha. Ilipopoa kabisa ndipo aliposema, "Kunywa, Ami."

Nikainywa yote, baridi, na uchungu wake.

Haitham alisikiliza mpaka hapa, wali wake umekauka kwenye sahani. Mara simu moja ikalia: yule mudiri mwenzake. Akaitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Kisha akaichukua ile nyengine, akatoka barazani, na kwa dirishani nikamsikia anaanza: "Yusuf, ndugu yangu, kaa kitako nikwambie mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Hakuna Doha. Lakini kuna timu inakutaka kweli. Wewe unasemaje?" Sikujua Yusuf alijibu nini. Kabla ya hapo sikujua hata jina la kijana huyo. Mchana mzima Haitham alikuwa akisema "mshambuliaji".

Mwanangu, sikukatazi kupatana bei. Biashara ina siri zake, na mtu anayefungua mkono wote mezani atarudi nyumbani na mkono mtupu. Ficha njaa yako ukitaka, nyamaza ukitaka, simama uondoke. Lakini ukiwa unapatana juu ya mtu, mtu huyo awe wa kwanza kujua, na kauli yake uisikie kabla ya yako. Usiseme uongo kwa kudhani unajua nani atauamini. Na mwenye haja akija kwako, mpe ndiyo yake au mpe la yake kahawa ingali moto; anayengojeshwa hukumbuka, hata akisamehe. Mimi nilitaka kipa, beki na winga. Sikupata hata mmoja, na niliyekuwa naye nikampoteza huku nikimwangalia.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mzito wa uongo na mwepesi wa kuomba radhi. Akuepushe na siku ya kuulizwa jina ukakosa la kutaja. Na kila utakapokaa, kahawa yako uinywe moto, na wanaokumiminia wawe radhi nawe. Amin.